Matanga Juu ya Barafu

Ukitaka kumjua Nkatha, usianze na ile siku ya ziwani ambayo watu wa Brooklyn Park, kule Marekani, wanapenda kuisimulia, kila mtu na chumvi yake. Anza na samaki. Huyu ni Mmeru wa milimani, aliyelelewa kwa ndizi, mahindi na maharagwe, na kwao mtu akitaja samaki watoto walikunja pua. Basi ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa mvuvi pekee katika Wakenya wote wa mtaa ule. Tena mvuvi wa kuketi juu ya ndoo katikati ya ziwa lililoganda, na kifimbo cha kuvulia kirefu kama mkono, akichungulia shimo la ukubwa wa sahani. Na samaki wenyewe yeye hali. Aliwagawa. Dinah, ambaye kwao ni Kisumu na kwake samaki ni chakula na ni heshima, aliwapokea miaka mitatu mfululizo huku akimcheka.

"Mmeru na samaki, wapi na wapi? Lakini lete, lete tu, mimi sitauliza wametoka wapi."

Nkatha alifika Minnesota mwaka wa tisini na moja, akaingia kazi ya kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya wazee kule Coon Rapids. Kazi ya kuinua watu siku nzima. Mgongo ukalalamika mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ukanyamaza, ukajua hakuna anayeusikiliza. Hapo kazini ndipo alipokutana na Rodney, fundi wa jengo, Mmarekani wa makamo mwenye nyonga mbovu na maneno ya kuhesabu. Siku moja ya Januari walikuwa wanakunywa kahawa jikoni, Nkatha akamwuliza watu wale wanaoketi juu ya ziwa tangu asubuhi hadi jioni huwa wanafanya nini.

Rodney akafikiri. "Hakuna," akasema. "Ndiyo maana tunaenda."

Jibu hilo lilimkaa Nkatha. Mwezi huo huo alikwenda kuona, na hakuacha tena.

Sasa Rodney, mtu wa maneno machache nchi kavu, akikanyaga barafu aligeuka kuwa kama wale walimu wetu wa hesabu wa shule ya msingi, wa kiboko mkononi. Barafu nyeusi na safi kama kioo, inchi nne, unatembea. Ile nyeupe yenye theluji ndani ina nguvu nusu, basi idai mara mbili. Tembea na mtaimbo wako, upige chini mbele ya mguu, na barafu ikitoboka kwa pigo moja usijiulize maswali, rudi kwa nyayo zako. Mkiwa wengi msitembee pamoja wala msisimame pamoja. Kabla ya kutoka nyumbani, mwachie mtu karatasi yenye jina la ziwa, upande utakaokuwa, na saa ya kurudi. Na upepo. Kwenye upepo Rodney alikuwa akimshika bega kabisa.

"Mwezi wa tatu barafu inaachana na ukingo kwanza," alimwambia. "Unabaki umekaa juu ya kipande kimoja kikubwa kinachoelea. Upepo ukikisukuma, kinakwenda, nawe hutasikia kitu. Kwa hiyo chagua vitu viwili kwenye nchi kavu, kimoja nyuma ya kingine, uvitazame. Vikiachana, si vyenyewe vilivyohama. Ni wewe."

Halafu akamtengenezea vishikio. Alikata mpini wa ufagio vipande viwili, kila kipande akakipigilia msumari kichwani na kuunoa, akaviunga kwa kamba ya kuvaa shingoni. Mtu akizama, vidole vitupu havishiki barafu yenye maji; ila misumari inashika, unajivuta kama mjusi mpaka utoke. Nkatha hakuwahi kwenda ziwani bila vishikio vile. Nyumbani alivitundika kando ya mlango, na Wambui, mwanafunzi wa chuo aliyepanga naye, alishazoea kuvitazama badala ya kuuliza. Vikiwa ukutani, Anti Nkatha yuko kazini au yuko dukani. Visipokuwepo, yuko kwenye ndoo yake.

Haya. Machi ya mwaka wa tisini na sita, Jumapili, simu ikalia. Alikuwa kaka yake, kutoka Meru. Mama ameenda, akasema, na sauti yake ikakatikakatika, na kabla hawajamaliza laini nayo ikakatika. Nkatha akarudisha simu mahali pake, akaosha vyombo.

Kwenda kuzika hakungewezekana. Makaratasi yake yalikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji tangu mwaka uliotangulia, na akitoka nje ya nchi mlango unafungwa nyuma yake. Kila mtu alilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyelisema. Watu wakaja nyumbani. Ndivyo tulivyo, mfiwa haachwi peke yake, hata kama ni mtaa wa maegesho na theluji na kila mmoja ana zamu ya saa kumi na mbili. Kila jioni sebule ilijaa. Dinah alikuwa wa kwanza kufika, leso kiunoni juu ya suruali ya kazi, na mumewe Mzee Solomon, mzee wa kanisa, aliye mpole kama shuka iliyofuliwa mara nyingi. Wakaimba, wakaomba, wakachemsha chai.

Na Nkatha akawamiminia. Hilo ndilo lililowatisha. Mfiwa anapita na birika, anauliza nani hajapata sukari. Jumatatu alikwenda kazini, Jumanne pia. Hakudondosha chozi. Dinah alimshika mabega akamtazama machoni.

"Lia, mamangu. Lia utoe. Likikaa ndani litaoza."

"Nitalia," Nkatha alijibu, kama mtu anayeahidi kurudisha sufuria ya jirani.

Hakuwa akijikaza. Watu walidhani anajikaza, wakamsifu, wengine wakamsema. Ukweli ni kwamba alijitafuta ndani na hakukuta kitu. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu, unaupiga kofi na hausikii, unajiuliza huu ni mguu wa nani? Basi alikuwa hivyo, mwili mzima, wiki nzima. Hata lile neno hakulitamka. Alisema "msiba," alisema "mambo ya nyumbani," alisema "ameenda" kama kaka yake. Mama na kufa hakuviweka pamoja kinywani, wala kwa Kiswahili, wala kwa Kimeru, wala kwa Kiingereza.

Mazishi yalipangwa Jumamosi saa sita mchana, saa za kule. Huku inakuwa saa tisa usiku. Saa hiyo Nkatha alikuwa amelala macho wazi akiitazama dari. Ilipofika saa moja asubuhi akavaa suti yake ya baridi, akachukua ndoo, mtaimbo na keekee ya kutobolea barafu. Vishikio vilikuwa pale pale kando ya mlango. Alivitazama. Akaviacha.

Lakini mazoea ni mazoea. Mkono wenyewe ulichukua kalamu ukaandika kwenye karatasi ya friji: jina la ziwa, upande wa bustani ya umma, kurudi saa sita. Kichwa hakikushauriwa.

Ziwa lenyewe halikuwa mbali, nusu saa kwa gari, la ukubwa wa kuvuka kwa miguu kwa robo saa. Vibanda ambavyo wavuvi huviweka juu ya barafu vilikwisha kuondolewa, kama sheria inavyotaka mwezi huo, na hapakuwa na mtu. Kwenye ukingo wa bustani palikuwa pameyeyuka upana wa hatua moja, na mtu mwenye busara alikuwa amelaza ubao mrefu wa kuvukia. Upepo ulitoka kaskazini magharibi, mkavu na mkali, ukiisukuma barafu yote kuja upande huu. Ilikuwa imebanana na ukingo. Nkatha akavuka ubao, akatembea hatua mia mbili huku akipiga mtaimbo, akatoboa. Inchi nane, na nusu yake ya juu ilikuwa chembechembe zilizoachana, kama sukari guru iliyoshika unyevu. Rodney angeitikisia kichwa. Rodney alikuwa hospitali, wamembadilisha nyonga.

Akaketi juu ya ndoo, uso kuelekea alikotoka. Akachagua vitu vyake viwili: mlingoti wa bendera ya bustani, na nyuma yake mnara wa maji wa mji. Vilikuwa vimesimama kimoja juu ya kingine, sawasawa.

Saa nzima hakuna kilichotokea, na hilo ndilo alilolifuata. Akavuta samaki wanne wapana wenye madoa, akawaweka kando, wakaganda. Upepo ulikuwa mgongoni. Kisha ukatulia. Kisha akausikia usoni.

Aliinua macho. Bendera ilikuwa imegeuka, inamwelekea yeye. Upepo sasa ulitoka kusini, wa uvuguvugu, wenye harufu ya matope. Hata mwanafunzi wa Rodney wa siku ya kwanza angejua la kufanya: kunja vitu, ondoka, sasa hivi, kwa sababu upepo huo unaisukuma barafu mbali na ubao wako. Nkatha alijua. Alitazama mlingoti na mnara. Vilikuwa vimeachana kidogo, upana wa kidole. Baadaye, vidole viwili.

Akarudisha macho shimoni.

Tuelewane hapa, maana watu wameongeza maneno. Hakutaka kufa. Mtu anayetaka kufa anataka kitu. Nkatha hakutaka kitu, wala kukaa wala kuondoka, na kati ya mambo mawili usiyoyataka, kukaa ni rahisi zaidi kwa sababu umeshakaa. Saa yake ilionyesha saa nne na nusu. Alifikiri: kama barafu inakwenda, na iende.

Ndipo aliposikia wimbo.

Aligeuza kichwa akadhani ni upepo. Hapana. Walikuwa watu saba, wanavuka ubao mmoja mmoja huku unayumba, wanashikana mikono, wanakuja juu ya barafu wakiimba kwa sauti ya chini kama wanavyoimba wakiingia nyumba ya msiba. Dinah mbele, koti la kanisani, leso juu ya koti, mkoba begani na chupa ya chai mkononi. Mzee Solomon na Biblia yake. Wambui akiwa ametandaza mikono kama anatembea juu ya ukuta. Nyuma yao kina mama wanne wa chama chao cha kuchangiana, mmoja amebeba mandazi kwenye beseni lililofunikwa kitambaa. Viatu vya siku ya Jumapili, vimevalishwa mifuko ya plastiki.

Jamani, wamekuja kumkalia matanga huku huku.

"Tulikuta karatasi," Dinah alisema, akihema. "Ulidhani tutakuacha peke yako siku ya leo? Kwani sisi ni watu gani?"

Nkatha akasimama. "Dada Dinah, barafu si nzuri. Rudini."

"Tutarudi pamoja. Kwanza tuombe."

Walishamzunguka, bega kwa bega, kama mnavyomzunguka mfiwa, ndoo na shimo vikiwa katikati. Mtu alimshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Mzee Solomon akafumba macho akaanza kuomba, na Solomon akianza kuomba ana safari ndefu, anaanzia uumbaji. Sote tumefundishwa kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Barafu haikusoma shule hiyo. Watu wanane, mahali pa ukubwa wa meza ya chakula, juu ya inchi nane zilizooza.

Nkatha hakufumba macho, kwa hiyo ni yeye aliyeona maji. Yalipanda shimoni taratibu, yakafika mdomoni, yakamwagika. Yakatambaa mpaka kwenye wale samaki wanne, yakawainua. Yakafika kwenye mifuko ya plastiki ya viatu. Maji hayapandi bure. Barafu ilikuwa inashuka.

"Achaneni," akasema.

Solomon akaendelea. Ndiyo kwanza alikuwa anafika kwa Ibrahimu.

"Achaneni! Msishikane! Mwachane wote!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nzima sauti yake kupanda, na unajua walifanya nini? Walifurahi. Uchungu umempanda, wakasema, ashukuriwe Mungu, umempanda. Dinah akamkumbatia. Wambui akamkumbatia Dinah. Kina mama wakasogea karibu zaidi, wakimpapasa mgongo, toa mama, toa yote, na chini yao kitu kikalia, sauti ya chini na ndefu iliyokwenda mpaka upande wa pili wa ziwa na kurudi.

Nkatha akajichomoa mikononi mwao, akaokota mtaimbo. Alipiga mara moja karibu na mguu wa Solomon. Mara mbili. Mara ya tatu chuma kikazama chote mpaka mkononi, maji yakaruka, yakamlowesha mzee suruali.

Mzee Solomon akafupisha sala.

"Nisikilizeni," Nkatha akasema, sauti yake imerudi bapa kama anayesoma orodha ya dawa kazini. "Kila mtu aende hatua kumi mbali na mwenzake. Polepole. Asiwepo wa kumshika mwingine. Dada Dinah, wewe huko. Wambui, kule. Sasa."

Wakatawanyika. Maji shimoni yakarudi chini, na walipoona hivyo hakuna aliyebisha tena, isipokuwa kwa jambo moja. Solomon alitazama walikotoka. Ubao ulikuwa unaelea. Kati ya barafu na bustani palikuwa na maji meusi, upana wa gari, na bendera ilikuwa imenyooka kwa upepo. Ng'ambo ile vani ya kanisa iliyowaleta ilikuwa imeegeshwa, karibu kabisa.

"Nikikimbia naweza kuruka," mzee akasema.

"Huwezi. Na ule ukingo wa barafu hautakubeba ukiusogelea." Nkatha akaonyesha nyuma, kaskazini, ng'ambo ya ziwa, kwenye nyumba zilizoonekana ndogo. "Upepo unatusukuma kule. Barafu itaenda kubanana kule. Tutatokea huko."

"Lakini gari liko huku," akasema mmoja wa kina mama.

"Gari halizami. Twendeni."

Akawapanga mstari mmoja, kila mtu hatua kumi nyuma ya mwenzake, wakanyage nyayo zake yeye. Akawapa namba, waziite kwa sauti kwa zamu wakati wote, kwa sababu yeye atakuwa anatazama mbele na hana macho kisogoni. Dinah alikataa kupangwa katikati.

"Mimi nitakuwa wa mwisho, niwaone wote. Na hili la kila mtu peke yake, Nkatha, mimi silipendi. Mfiwa haachwi atembee peke yake."

"Leo anaachwa," akasema Nkatha.

Basi wakaenda. Ukiwa nchi kavu ungeona kitu cha ajabu: watu wanane weusi na leso zao, wamenyooshwa mstari mrefu juu ya ziwa, hakuna anayemgusa mwenzake, upepo unawasukuma mgongoni, na kila mara zinasikika namba. Moja. Mbili. Tatu. Mbele kabisa mwanamke anapiga chini kwa chuma. Nkatha aliuhesabu mlio wa kila pigo. Mlio mkavu, endelea. Mlio mzito, geuka kushoto, zunguka. Katikati barafu ilikuwa nene kuliko walikotoka, akapumua. Nne. Tano. Sita. Na ya saba, sauti ya Dinah, nyuma kabisa, ikipigana na upepo. Alijikuta anaisubiri hiyo ya saba. Kila mzunguko aliisubiri, na ikichelewa mguu ulikuwa mzito kuinuka. Hakuwa amesubiri kitu tangu Jumapili.

Ng'ambo ilikuwa kama alivyosema. Barafu ilikuwa imejikunja ikapanda juu ya matete, vipande vinasagana na kunung'unika, lakini imeshikana na nchi. Akajaribu kwa mtaimbo, akapita, akageuka akiwa juu ya nyasi zilizolala, akawapokea. Wa kwanza, Solomon. Wambui wa pili. Kina mama mmoja mmoja, beseni la mandazi bado liko kichwani, sijui kwa nini. Sita wamefika.

Saba haikuitwa.

Pale sita walipopita, Dinah alizama. Hapakuwa na kelele. Alikuwa amesimama, kisha alikuwa nusu mtu, maji kifuani, mikono imetandazwa juu ya vipande vya barafu vinavyozama kila akivikamata. Macho yalimtoka lakini mdomo haukufunguka. Hatua nne kutoka nchi kavu.

Mkono wa Nkatha ulikwenda shingoni. Hakukuwa na kitu shingoni.

Nitakuambia alichohisi, maana mwenyewe alisema baadaye. Alihisi aibu. Ilimwingia kama maji ya moto. Aliviacha vishikio ukutani kwa kujiona mwili wake ni wake peke yake, na sasa mwanamke aliyemfuata anakamata barafu kwa vidole vitupu.

Akalala kifudifudi akajisukuma mbele. "Leso yako, Dinah! Fungua leso unirushie ncha!" Dinah akahangaika na fundo kwa vidole vya ganzi, likafunguka, akarusha. Haikufika. Akarusha tena. Nkatha akaidaka mikono yote miwili ikiwa ndani ya maji mpaka viwiko, akaizungusha viganjani, na nyuma yake mzee na wanawake wakamkamata miguu. Hapo sasa, umoja ni nguvu, kwa sababu wao walikuwa nchi kavu. Wakavuta. "Piga miguu kama unaogelea," akamwambia. "Usijaribu kusimama. Lala. Lala hivyo hivyo." Dinah akaja kwa tumbo, koti la kanisani limejaa maji, mkoba bado begani, mpaka kwenye nyasi.

Mwenye nyumba ya karibu, mama mmoja aitwaye Stacy, alikuwa ameshafungua mlango wa jikoni kabla hawajabisha. Akaleta mablanketi, akawasha tanuri la jiko na kuliacha wazi. Dinah akavuliwa nguo zilizolowa, akafungwafungwa, akaketishwa kwenye kiti, meno yanagongana. Wengine wakasimama ukutani na soksi zinazovuja. Nkatha akaketi mkabala wake. Mikono yake ilikuwa imepauka mpaka kwenye viwiko, ameiweka mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Wambui," akasema Dinah alipopata sauti. "Nipe mkoba."

Akaufungua. Akatoa miwani, akatoa kitabu cha nyimbo kilichovimba, akatoa leso ya mkononi. Kisha akavuta kamba, na mwisho wa kamba vikatoka vipande viwili vya mpini wa ufagio, misumari inang'aa, vinatiririka maji.

"Umesahau vitu vyako," akasema.

Nkatha alivitazama. Akageuka kwa Wambui, na Wambui akainamisha macho. Basi haikuwa karatasi ya friji tu. Ile ilisema yuko wapi. Ukuta ndio uliosema mengine.

"Sikusahau," akasema Nkatha.

"Najua," akasema Dinah. "Mtoto huyu alinipigia simu akasema, Mama Dinah, Anti ameenda ziwani na vile vitu viko mlangoni. Hata nywele sikuchana. Nilitaka nikuvishe tukimaliza kuomba."

"Ulikuwa navyo majini."

"Nilikuwa navyo."

"Ungevichomeka kwenye barafu ukajivuta."

"Ningejuaje? Mimi navijua ni vya shingo yako."

Dinah akalifungua blanketi, akanyoosha mikono, akamvisha. Kamba ilikuwa baridi. Misumari ikagongana kifuani mwa Nkatha, na mikono yake ikaanza kuamka. Kwanza ncha za vidole, kama zinachomwa sindano moja moja, halafu kiganja, halafu yote hadi kiwikoni. Aliikunja tumboni akainama.

"Inauma," akasema.

Dinah akaichukua, akaiingiza chini ya makwapa yake mwenyewe, akaibana.

"Dinah."

"Mm."

"Mama amekufa."

"Ndiyo, mamangu. Amekufa."

"Wamemzika."

"Wamemzika."

Hakuna aliyemwambia alie.